Je, Ni Halali Kufurahi Mahali pa Machozi?

Katika kurasa hizi tumezoea kuulizana habari za malezi, za fedha za nyumbani na za ujirani mwema. Leo tunaleta swali lililozuka kati ya mume na mke, watu wazima waliostaafu kazi ya ualimu, katikati ya siku yao ya mapumziko. Swali lenyewe ni hili: Je, ni halali mtu kustarehe mahali ambapo watu wengine waliteswa? Na kama ni halali, iwe starehe ya namna gani?

Huenda mtu atasema hili ni swali la watu wenye nafasi, wasio na kazi ya kufanya. Tunamwomba asilitupe upesi. Bagamoyo, ambako watu wa Dar es Salaam hupenda kwenda kuogelea baharini siku za sikukuu, ndiko ilikokoma misafara ya pembe na ya watumwa kutoka bara. Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ilijengwa kwa jasho la maelfu ya vibarua, na sisi hupanda treni juu yake tukila mahindi ya kuchoma na kucheka. Kama furaha ni haramu kila mahali palipolia watu, basi hatutapata uwanja wa kufanyia hata harusi. Na kama ni halali bila sharti lolote, basi tunaweza kucheza ngoma juu ya kaburi la mtu yeyote. Kati ya mambo hayo mawili lazima iwepo njia ya haki, nayo ndiyo tunayoitafuta.

Mfano tutakaoutumia ni mji wa Unguja, Mji Mkongwe, kwa kuwa huko ndiko swali lilikotukuta. Tulikuwa tumedunduliza fedha kidogo kidogo kwa muda mrefu ili twende sisi wawili tu, bila wajukuu na bila shughuli ya msiba wala ya harusi. Tulipanda boti Dar es Salaam saa moja asubuhi. Safari ni ya saa mbili hivi. Tulikusudia kutembea mjini mchana kutwa, usiku tusikilize taarabu ya asili katika Ngome Kongwe, kisha tulale kwa jamaa zetu. Tiketi za taarabu tulizinunua mara tu tuliposhuka, kwa kijana mmoja mwenye adabu aliyetuamkia, "Shikamooni, wazee wangu."

Kutoka bandarini tulikwenda kwanza Mkunazini. Hapo ndipo lilipokuwa soko la watumwa, na hapo ndipo lilipo Kanisa Kuu la Kristo. Soko lilifungwa mwezi Juni 1873, wakati Sultani Barghash, akishurutishwa na Waingereza waliotishia kuuzingira mji kwa manowari zao, alipotia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini. Krismasi ya mwaka huo huo jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Madhabahu, kama inavyosimuliwa, imewekwa pale ulipokuwa mti wa kuchapia watumwa. Nyuma yake amezikwa Askofu Steere, aliyefariki mwaka 1882, ambaye wengi wetu tunamjua kwa kazi yake katika lugha yetu ya Kiswahili.

Nje ya kanisa pana sanamu iliyotengenezwa mwaka 1998 na Clara Sörnäs wa Sweden. Ni watu watano wamesimama ndani ya shimo, minyororo shingoni, nyuso zao hazimtazami mtu. Chini ya jengo lililo jirani pana vyumba viwili vyenye dari fupi, na wageni huambiwa kuwa watumwa walifungiwa humo wakingoja mnada. Wako wanahistoria wanaolishuku jambo hilo, kwa kuwa jengo lenyewe lilijengwa na misheni baada ya soko kufungwa. Lakini kwamba soko lilikuwa mtaa huu, na kwamba watu walisimamishwa hapa na kutazamwa meno na misuli kama ng'ombe mnadani, hapana anayebisha.

Tulikaa hapo karibu saa mbili. Sisi tuliopitia chuo cha ualimu tulikuwa na sababu yetu ya kukaa. Baadhi ya watoto waliookolewa majahazini walipelekwa katika shule za Kiungani na Mbweni, na miongoni mwao wakatoka walimu waliokwenda kufundisha Masasi, Magila na kwingineko. Mwalimu wa shule ya misheni akiifuata nyuma orodha ya walimu wa walimu wake, haitakuwa ajabu mwishoni akakutana na mtoto mmoja aliyetolewa katika jahazi. Kwa hiyo habari za Mkunazini kwetu si habari za watu wa mbali. Tulitoka pale kimya, tukala wali na samaki katika mkahawa mdogo wa Darajani, na hata chakulani hatukusemezana sana.

Alasiri tukashuka pwani. Tulipita mbele ya Beit al Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, ambalo sehemu yake ilianguka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili. Kisha tukaketi Forodhani, kila mtu na gilasi yake ya juisi ya miwa, tukitazama vijana wakijirusha baharini kutoka ukutani. Ng'ambo ya barabara tuliiona Ngome Kongwe. Kutoka Mkunazini mpaka hapo ni mwendo wa dakika 10 tu kwa miguu. Ndipo mmoja wetu aliposema, "Mwenzangu, mimi usiku huu siendi." Hatutasema ni yupi kati yetu, wala haitamsaidia msomaji kujua.

"Tiketi tumekwisha kulipa," akajibiwa.

"Fedha imepotea, basi. Asubuhi tumesimama mbele ya shimo lile tukashindwa kusema neno. Jioni tukapige makofi? Ingekuwa ni msiba wa jirani yetu ungekubali?"

"Na tusipokwenda, wale waliouzwa watapata nini? Tutakaa chumbani tukitazama ukuta, kisha tuseme tumewaheshimu?"

"Angalau tutakuwa hatukujifanya kana kwamba hapakutokea kitu."

Tulibishana hivyo mpaka jua likakaribia kuzama. Watu wa ndoa mtaelewa kwamba mabishano ya namna hiyo hayana mshindi. Lakini yalitupa majibu matatu ambayo watu wengi huyatoa, nasi tungependa kuyapima moja moja.

Jibu la kwanza husema: hayo ni mambo ya kale, waliotesa na walioteswa wamekwisha kufa, tusijitie huzuni isiyo yetu. Jibu hili lina udhaifu katika hesabu yake ya miaka. Soko lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe haukufungwa siku hiyo. Watu waliendelea kumilikiwa Unguja mpaka sheria ya mwaka 1897, yaani miaka 24 zaidi, na hata sheria hiyo ilipotoka, mtumwa alitakiwa aende mwenyewe kuuomba uhuru wake. Mtoto aliyezaliwa utumwani mwaka 1890 angeweza kuishi na kumpakata mtu ambaye leo ni bibi kizee. Jambo ambalo bibi yako angeweza kusimuliwa na mtu aliyeliona haliwezi kuitwa la kale. Tena dharau hudumu kuliko minyororo. Yako maneno ya kumtukania mtu asili yake ambayo tumeyasikia kwa masikio yetu, katika miji ya pwani na hata bara, nayo yalizaliwa soko lile.

Jibu la pili husema: kila jambo lina wakati wake, asubuhi ni ya huzuni, jioni ni ya furaha. Jibu hili lina hekima ndani yake, na hatupendi kulidharau. Lakini mara nyingi hutumiwa vibaya. Mtu huitia huzuni yake sandukuni, akafunga kwa kufuli, akaenda zake. Sisi walimu tulimjua mwanafunzi wa aina hiyo. Katika somo la historia alijibu vizuri sana maswali juu ya biashara ya watumwa, akapata alama zote. Kengele ya mapumziko ilipolia, alitoka nje akamtuma mwanafunzi mdogo amchotee maji na kumfulia shati, na asipotii ampige. Kila jambo alilipa wakati wake! Somo lilikuwa darasani, na maisha yalikuwa nje. Kama huzuni ya asubuhi haina neno la kuiambia jioni, basi haikuwa huzuni, ilikuwa matembezi.

Jibu la tatu ni la yule mwenzetu pale Forodhani: tuache furaha kabisa mahali pa namna hiyo. Jibu hili ndilo lenye moyo kuliko yote, na linao ushahidi. Msomaji atakumbuka Zaburi ya 137, habari za mateka waliotundika vinubi vyao wakakataa kuimba katika nchi ya ugeni. Lakini tuangalie vizuri ni nani aliyeutaka wimbo ule. Walioutaka ni watekaji. Mateka walikatazwa na heshima yao kuwafurahisha watu waliowabomolea mji. Walikataa kuimba kwa amri ya mtesaji. Hawakusema kwamba wimbo ni kitu kibaya, wala hawakuvivunja vinubi. Hata huku kwetu, watu waliotekwa hawakuacha ngoma. Katika mashamba ya karafuu watumwa walicheza na kuimba walipopata nafasi, na wengi walileta ngoma za makwao kutoka bara. Sasa sisi, ambao hatujawahi kufungwa mnyororo, tutakuwa wakali wa huzuni kuliko wenyewe walioonewa? Mtu akiharamisha wimbo kwa niaba yao, inafaa kwanza awaulize kama wao waliuharamisha.

Kwa hiyo hatuna budi kuuliza swali jingine: wimbo wenyewe ni wa nani, na nani aliulipia? Hapa historia ya taarabu inatufundisha jambo ambalo hatukulitegemea.

Mtawala aliyetia sahihi mkataba wa mwaka 1873 ndiye huyo huyo ambaye, kama isimuliwavyo, alimpeleka mtu Misri kujifunza muziki ili aje apige katika jumba lake. Barghash alitawala tangu mwaka 1870 hadi 1888. Muziki ule uliimbwa kwa Kiarabu, kwa ajili ya watu wa jumbani, nje ya macho ya watu wa kawaida. Na fedha ya jumbani ilitoka wapi? Ilitoka katika karafuu, na karafuu zilichumwa na watumwa. Kanuni na udi havikuwa na kosa. Mpigaji naye hakuwa na kosa. Lakini kila usiku wa muziki ule ulikuwa umekwisha kulipwa mchana, na mtu ambaye hakualikwa.

Sasa tazama kilichotokea baadaye. Yapata mwaka 1880, katika kijiji cha Fumba, alizaliwa mtoto wa kike katika nyumba ya watu wanyonge, akapewa jina la Mtumwa. Mtumwa binti Saad. Alifinyanga vyungu na kuviuza mjini kwa miguu. Alipohamia mjini akajifunza kuimba, na sauti yake ilipopata sifa akaitwa Siti, maana yake bibi mwenye heshima. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodiwa santuri, na sahani zake zikauzwa pwani yote. Alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Huyu Siti aliutoa muziki wa jumbani akauimba kwa Kiswahili, na nyumbani kwake Ng'ambo watu wasio na cheo wakaketi kuusikiliza.

Tena hakuimba mapenzi peke yake. Katika wimbo wake mmoja maarufu, uitwao "Kijiti", alisimulia habari za mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyeuawa Unguja. Mtuhumiwa akavuka bahari kukimbia, na wanawake waliokuwa pamoja na marehemu ndio waliohukumiwa. Fikirini jambo hilo, ndugu zangu. Watu walikuwa wameketi kustarehe, wamevaa vizuri, kahawa inapita, na katika starehe ile ile wakaimbiwa hukumu ya baraza isiyo ya haki. Hawakuambiwa wasahau ndipo wafurahi. Walikumbuka wakiwa wanafurahi.

Hata mavazi yana habari yake. Siku za utumwa, mtumwa hakuruhusiwa kuvaa viatu wala kufunika kichwa mbele ya waungwana, na mwanamke mtumwa alivaa nguo duni isiyo na rangi. Uhuru ulipokaribia na hata baada ya kupatikana, wanawake wa Unguja waliingia katika kanga kwa nguvu, za rangi na maua, wakazikunja na kuzibadilisha kwa kila sherehe. Watu wa nje waliona ni anasa ya wanawake. Wenyewe walijua wanachokisema: mimi si wa kuuzwa.

Mambo hayo baadhi tulikuwa tukiyajua tangu zamani, kwa kuyafundisha. Lakini ni jambo moja kulijua neno, na ni jambo jingine kuliona limekaa mbele yako. Maana mwishoni tulikwenda. Yule aliyekataa alikubali kwa sharti moja, kwamba akishindwa kuvumilia atatoka, na mwenzake asimwulize neno. Tulikubaliana.

Ngome Kongwe ilijengwa na Waarabu wa Omani baada ya Wareno kufukuzwa mwishoni mwa karne ya 17. Ni kuta nene za mawe, zilizokusudiwa vita. Ndani yake sasa pana jukwaa na ngazi za kukalia, na tangu mwaka 2004 tamasha la Sauti za Busara limekuwa likifanyika humo. Usiku ule haukuwa wa tamasha, watu hawakuwa wengi. Walikuwako watalii, vijana wa mjini, na safu mbili za akina mama waliovaa kwa heshima ya taarabu, dhahabu masikioni na manukato yanayotangulia. Saa mbili usiku wapigaji wakaketi: kanuni, udi, fidla tatu, nai, kodiani na ngoma. Mzee wa kanuni alichukua muda mrefu kulinganisha nyuzi zake, na hapana aliyemharakisha.

Waliimba nyimbo mpya na za zamani, na mbili katika hizo za zamani zilikuwa za Siti. Ulipofika wa pili, mama mmoja mnene, mwenye umri wa kutupita sisi, aliinuka katika safu ya mbele. Akaenda polepole kwa mwendo wa wimbo, noti mkononi, akamtuza mwimbaji, akasimama mbele yake akiimba pamoja naye maneno yote, bila kukosa hata moja. Kisha akarudi kitini kwa mwendo ule ule. Yule mwenzetu aliyesema haji alikuwa amekaa kimya tangu mwanzo. Sasa akasema kwa sauti ndogo, "Huyu mama hakuja kusahau." Hakutoka nje mpaka mwisho.

Msomaji asidhani kwamba jambo liliishia hapo kwa makubaliano. Mmoja wetu angali anasema kwamba ingekuwa bora siku mbili zitofautishwe, Mkunazini siku moja na taarabu siku nyingine, kwa kuwa moyo wa mtu huhitaji usingizi katikati. Mwingine anasema kwamba bila Mkunazini asubuhi, asingemwona yule mama. Angeona mwanamke mzee anayependa kucheza. Tumeiacha tofauti hiyo kati yetu. Lakini tumekubaliana juu ya vipimo vitatu, nasi tunavitoa kwenu mvijaribu.

Kipimo cha kwanza: furaha hii inanitaka nisahau nini? Ikiwa siwezi kuifurahia mpaka kwanza nifumbe macho nisimwone mtu fulani, basi kuna kasoro. Furaha ya akina mama wale ilikuwa macho wazi.

Kipimo cha pili: je, aliyeumizwa, au mtoto wake, ana kiti hapa? Muziki wa jumbani haukuwa na kiti cha binti wa mfinyanzi. Taarabu ya Ng'ambo ilikuwa nacho. Sherehe ambayo watu wa mahali pale huingia kama wapishi na walinzi peke yao, wala hawawezi kuingia kama wageni, inafanana na jumba kuliko inavyofanana na Ng'ambo. Neno hili tunawaambia hasa wenye kujenga mahoteli ufukoni mwa vijiji vyetu, pale ambapo mvuvi hukatazwa kupita mahali alipopita babu yake.

Kipimo cha tatu ndicho kigumu kuliko vyote: ni nani amekwisha kuilipia furaha hii mchana? Swali hili halikuisha mwaka 1897. Tunapotoka mume na mke, tumevaa vizuri, tumefunga mlango, mara nyingi yuko mtu tuliyemwacha ndani. Ni binti wa kazi za nyumbani. Ameamka kabla yetu, atalala baada yetu, maana lazima atufungulie lango tutakaporudi saa sita za usiku. Wako mabinti ambao hawana siku hata moja katika juma iliyo yao. Mshahara wao hukaa kwa mwenye nyumba "akiwatunzia". Simu zao hushikwa. Wengine hata jina lao halijulikani na wageni. Huitwa "dada" tu mwaka mzima. Hatusemi kwamba huo ni utumwa wa Mkunazini. Mkunazini mtu aliuzwa, naye binti anaweza kurudi kwao. Lakini aliyetoka Iringa au Dodoma akiwa na miaka 16, asiye na nauli mkononi, kurudi kwake ni kwa maneno tu. Na furaha yetu ya jioni, tukiipima kwa kipimo hiki, sehemu yake imelipwa na yeye.

Sheria ya nchi yetu, upande wa Bara, haiko kimya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi mapumziko ya saa 24 kila juma. Haikusema mfanyakazi wa ofisini peke yake. Tumewahi kuwasikia watu wema wakishangaa, "Lakini huyu ni kama mtoto wetu, anakula tunachokula." Haya, kama ni mtoto wenu, mtoto wenu hupumzika siku gani? Na je, hata katika majumba ya zamani hapakuwako watumwa waliokula vizuri, nao wakaitwa watoto wa nyumbani?

Basi, mume na mke mnaotaka kutoka siku moja pamoja, tokeni. Ndoa isiyo na siku ya namna hiyo hukauka, hasa watoto wakiisha kuondoka nyumbani na maneno ya kusemezana yakapungua. Mkifika mji wa watu, anzeni kwa kujua habari za mahali pale kabla ya kutafuta burudani yake. Mkibishana, bishaneni kwa upole, maana kubishana juu ya jambo la haki ni bora kuliko kukubaliana juu ya bei ya nguo. Mkifika kwenye muziki, waheshimuni wapigaji: fikeni mapema, lipeni kiingilio, na mkiguswa na wimbo msione haya kuinuka na kutuza kama desturi ilivyo.

Na kabla ya kuondoka nyumbani, hesabuni tangu Jumapili iliyopita yule binti amepata siku gani ya kwake. Kama hakuna, mpangieni yeye kwanza, ninyi mfuate juma lijalo. Mpeni mshahara wake mkononi na nauli ya kwenda na kurudi, wala msimpangie pa kwenda. Atakaporudi, mwamkie kwa jina lake na mwulize aliona nini huko alikokwenda, naye akiwa na hadithi ndefu, ketini mumsikilize.